Gari la Viti Viwili

Jumapili, 29 Novemba

Nimeolewa. Naandika tena nione neno linavyokaa kwenye karatasi: nimeolewa. Jana alasiri mimi Ivonete, muuza masweta wa mtaa wa Rua Teresa hapa Petrópolis, niliingia kanisani na jina moja nikatoka na mawili. Mvua ilitupokea mlangoni ikalilowesha gauni mpaka magotini, na wala sikujali. Evandro alinibeba hadi kwenye gari la mjomba wake. Mikono yake inanukia grisi hata akivaa suti. Naipenda harufu hiyo. Naipenda, naipenda.

Leo amenionyesha nyumba yetu. Kwa sasa ni gereji. Iko usawa wa barabara, na nyumba ya mama yake, Dona Zulmira, iko juu yake, unaifikia kwa ngazi za mawe. Ina dirisha nyuma, bomba la maji, na nafasi ya kuweka jiko, kitanda na meza ya watu wawili. Na mlango wake wenyewe! Mlango ambao mtu akitaka kuingia itabidi abishe. Tunasubiri jambo moja tu: gari litoke.

Gari ni Puma la mwaka sabini na nne, la viti viwili, limelala chini kama paka anayenyemelea ndege. Lilikuwa la marehemu baba yake, Seu Anésio, na halijatembea tangu Evandro azaliwe. Mwili wake ni wa faiba, si bati, na Evandro ameutenganisha na chesisi. Mwili umekaa juu ya magogo upande huu, chesisi na injini upande ule, na katikati yake mtu anapita kwa ubavu. Hataki kuviunganisha kabla ya kupaka rangi, maana rangi lazima iingie mpaka mahali pasipoonekana. Jirani yetu wa kule juu, Seu Tarcísio, fundi wa bodi aliyestaafu, ametupa nafasi kwenye banda lake, ila mlima ule haupandwi kwa kusukumwa. Gari litakwenda lenyewe au litabaki.

"Likikamilika," aliniambia Evandro, "safari ya kwanza ni mimi na wewe. Utavaa gauni lako la harusi, tutashuka mlima mpaka baharini."

Nilimbusu palepale. Puti ya kuzibia mashimo ya gari ikanigandia nyweleni.

Kwa sasa tunalala juu, katika chumba cha dada yake, Rosângela. Rosângela anaishi na mumewe katika mji wa Juiz de Fora, atajifungua Aprili, na kama ilivyo desturi atakuja kwa mama yake kumaliza arobaini. Kwa hiyo chumba ni chetu hadi Pasaka. Dona Zulmira amelisema hilo mezani mara tatu. Mara ya tatu alikuwa anaiambia sufuria ya maharage.

Jumatano, 2 Desemba

Mvua. Nimerudi dukani. Wasichana wote wananiita senyora na kucheka.

Jumamosi, 5 Desemba

Nimejifunza kupiga msasa. Evandro alisimama nyuma yangu, mkono wake juu ya wangu, akasema usikandamize, zungusha, kama unampapasa mtoto alale. Faiba, anasema, ni kioo kilichofumwa kama kitambaa, kikamiminiwa gundi kikakauka. Mahali palipooza hapaonekani kwa macho, unagonga kwa sarafu: penye uzima panalia kavu, penye ubovu panalia kama tumbo la mtu aliyeshiba. Tuligonga gari zima, tok, tok, tok, tukisikiliza kwa masikio yaliyoshikana. Sijui kama kuna bibi harusi mwingine duniani aliyefanyiwa hivyo.

Seu Tarcísio alipita na mwavuli wake uliokatika mbavu. "Bibi harusi wa watu hupakwa poda," akasema. "Wewe unapakwa faiba. Utakoma."

"Nimeshaanza kukoma," nikamwambia. Mikono ilikuwa inaniwasha hadi kwapani.

Jumanne, 8 Desemba

Mvua. Msasa.

Jumapili, 20 Desemba

Aibu. Jana nilichelewa kutoka dukani, msimu wa Krismasi tunasimama mpaka visigino vinalia, na kwa uchovu nikatia ovaroli za Evandro kwenye mashine pamoja na shuka zetu za harusi na nguo za Dona Zulmira za kanisani. Vumbi la faiba likaenda kila mahali. Leo kwenye misa benchi letu zima lilikuwa likijikuna. Dona Zulmira alijikuna mgongo kwa kona ya kitabu cha nyimbo. Wakati wa kupeana amani mama mmoja alirudisha mkono wake nyuma.

Njia nzima Dona Zulmira alijikuna mpaka tulipofika kwenye ngazi. Akasimama, akaelekeza kidole gerejini. "Mwanamke yule," akasema, akimaanisha gari, "amekuwa akiniwasha tangu sabini na nne. Leo ameingia mpaka kwenye nguo zangu za ndani."

Evandro alicheka mpaka akakaa chini. Mimi nilitaka kulia, nikacheka pia.

Ijumaa, 25 Desemba

Krismasi. Dona Zulmira amekaanga mkate wa maziwa na mdalasini. Evandro amenipa barakoa ya fundi yenye machujio mawili, imefungwa utepe mwekundu. Nimempa sweta. Tumeshuka gerejini jioni "kuangalia tu". Tumepiga msasa mlango wa kulia.

Jumatatu, 4 Januari

Mvua. Nimechoka. Nampenda.

Jumapili, 10 Januari

Ukungu wetu, ruço, umeingia tangu asubuhi bila kubisha, umekaa jikoni, umelala ndani ya viatu. Nguo hazikauki. Mimi na Dona Zulmira tumefunga kamba gerejini kutoka dirishani hadi kwenye msumari wa mlango, tukaanika juu ya gari: shuka, soksi, na suruali zake kubwa za ndani zikining'inia pale usukani unapokaa. Hakuna mahali pengine. Gerejini ndipo pakavu katika nyumba hii, tena pakavu kabisa ni pale chini ya gari lenyewe, ambapo zege ni jeupe kama mfupa.

Nikapata ujasiri. "Dona Zulmira, kwa nini hulipendi hili gari?"

"Lina viti vingapi?"

"Viwili."

"Na mimi nilikuwa na tumbo mbele na mtoto mkononi. Piga hesabu, wewe uliyefika sekondari."

Akanieleza huku akibana nguo. Siku Evandro anazaliwa ilikuwa Jumapili, na Seu Anésio alikuwa ameteremka baharini na rafiki yake kwenye Puma jipya. Uchungu ukaanza. Dona Zulmira alikwenda hospitali kwenye gari la kusambaza mikate, amekaa katikati ya vikapu, Rosângela mapajani, na dereva akisimama kila duka kwa sababu mikate haingojei.

"Ndiyo maana Evandro hashibi mkate," nikasema.

Hakucheka. "Aliporudi nikamwambia: Anésio, ama gari ama sisi. Akaliegesha hapa." Akabana soksi ya mwisho. "Lipo hapa."

Niliwaza usiku kucha jinsi mtu anavyoweza kukasirikia chombo kwa muda wote huo. Nilimwona ni mgumu, Mungu anisamehe. Mimi nikikosana na Evandro sitamaliza siku.

Alhamisi, 14 Januari

Mvua. Msasa. Mkono wa kulia haufungi ngumi.

Jumamosi, 23 Januari

Radi. Sijawahi kuona radi kama ile. Dona Zulmira alifunika vioo vyote vya nyumba kwa mataulo, akachomoa tawi kavu la Jumapili ya Matawi lililo nyuma ya picha ya Bikira, akawasha ncha yake kwenye jiko, na jikoni kukajaa moshi na sala. Umeme ukakatika. Nilimwita Evandro. Nikamwita tena. Alikuwa chini, maji yalikuwa yameanza kupita chini ya mlango, na alikuwa analifunika gari kwa blanketi letu. Blanketi letu, lile la zawadi ya shangazi yangu.

Nilikaa kwenye kiti nimejikunyata kama mtoto. Dona Zulmira akaja, akakaa kando yangu, akaweka mkono wake juu ya wangu. Ni mkono mkavu, mgumu, mzito. Hakuutoa mpaka ngurumo zikavuka mlima.

"Baba yake alikuwa hivyohivyo," akasema. "Si kwamba hawakupendi. Wana sikio moja tu."

Jumapili, 24 Januari

Blanketi limepata tundu la tindikali ya betri. Nimeshona ua juu yake. Evandro ameomba radhi kwa busu na kwa kunipikia mayai. Mayai yalinukia tina, ile dawa ya kuyeyushia rangi. Nimeyala yote.

Jumanne, 2 Februari

Mvua. Evandro ametoka kwenye karakana ya mabasi saa mbili usiku, amekula amesimama, ameshuka chini. Tuliongea kuhusu bawaba.

Jumatatu, 15 Februari

Karnivali. Ngoma zinasikika kutoka mjini zikija na upepo, zikipotea. Wasichana wa dukani wamekwenda Rio. Mimi nimevaa barakoa yangu, ile ya machujio mawili. Evandro amenipaka puti puani akaniita malkia wa ngoma. Tulicheza kidogo katika ile njia ya kupita kwa ubavu, tumbo kwa tumbo, kwa kuwa haiwezekani kucheza vingine. Kisha tukapiga msasa hadi kiza.

Hivi ndivyo ninavyotaka kukumbuka. Hata kama magoti yanauma.

Jumatano ya Majivu

Padri ametuwekea majivu. Dona Zulmira alinitazama akasema, "Wewe ulikuwa nayo tayari."

Alhamisi, 25 Februari

Mvua. Mvua. Mwili wa gari umemalizika, umepakwa rangi ya msingi, kijivu chote, laini kama yai. Sasa tunangoja siku kavu. Seu Tarcísio ametuletea kompresa na bunduki yake ya kupulizia, ila amesema ruço ukiwa mlangoni asiguse mtu. Evandro anaamka alfajiri, anafungua dirisha, ananusa, analifunga. Anarudi kitandani na miguu ya baridi.

Ijumaa, 5 Machi

Redio imesema kesho jua. Evandro amefuta gari zima kwa kitambaa cha tina, kona kwa kona. Tumetoa kamba ya nguo. Hatukulala, tulikuwa kama watoto usiku wa kuamkia Krismasi.

Jumamosi, 6 Machi

Naandika huku nikiruka kwa furaha, ila nianzie mwanzo.

Kabla hakujapambazuka vizuri nilishuka kutafuta soksi iliyoanguka nyuma ya magogo. Taa ya gereji ilikuwa inawaka. Dona Zulmira alikuwa amesimama mbele ya gari na kanga yake ya usiku, mkononi chupa ya plastiki ile yenye umbo la Bikira wa Aparecida, ambayo taji lake ndilo kizibo. Alikuwa amelivua taji. Alikuwa ananyunyiza. Midomo inatembea. Tone huku, tone kule, paa, milango, na mwisho akasimama kwenye boneti, akainamisha chupa mara mbili, polepole, kama mtu anayemwagilia mche. Kisha akaweka kiganja chake kwenye faiba. Yeye, ambaye sikuwahi kumwona akiligusa hata kwa ufagio.

Nilipanda tena ngazi kwa vidole vya miguu. Sikumwambia mtu. Niliona nimeona kitu ambacho si changu.

Na jua likatoka! Petrópolis nzima ilianika magodoro madirishani. Evandro alipitisha kitambaa kikavu, akafunga kitambaa kichwani, akaanza. Rangi ya chungwa lililoiva, ileile ya sabini na nne. Ilitoka kama pumzi. Sehemu ya kijivu ikawa jua, kisha nyingine, kisha nyingine. Seu Tarcísio alisimama mlangoni akitoa amri: "Usisimame! Tembea! Mkono wako una usingizi?" Na Evandro wangu akatembea kutoka pua hadi mkia bila kukatisha, na alipomaliza akavua barakoa na uso wake ulikuwa na alama ya barakoa na machozi.

"Linafanana," akasema. "Ivonete, linafanana na picha."

Dona Zulmira alikuwa kwenye ngazi. Alitazama muda mrefu. "Vitumbua viko mezani," akasema, akapanda.

Nimechoka mpaka kope. Nina furaha mpaka kope.

Jumanne, 9 Machi

Mvua imerudi. Haijalishi! Tunajifunza kupima pazia la dirisha letu.

Jumapili, 14 Machi

Malengelenge. Evandro alishuka kabla ya misa, na hakupanda. Nilimkuta amepiga magoti mbele ya boneti, anapitisha kidole. Vivimbe vidogo, vingine kama mbegu ya mtama, vingine kama dengu, rangi imenyanyuka juu yake kama ngozi iliyoungua.

"Unyevu," akasema. "Unyevu umebaki ndani." Hakunitazama. "Wiki zote zile, shuka zikidondoka maji juu yake."

"Evandro, ruço uko kila mahali."

"Shuka zako, Ivonete."

Zako. Alisema zako.

Niliondoka nikaenda misa peke yangu nikasimama nyuma.

Jumatatu, 15 Machi

Hatuzungumzi.

Jumanne, 16 Machi

Amesema sentensi moja: kama unyevu umeingia kwenye faiba, umeingia kote, na rangi yote itoke, mpaka kwenye kitambaa cha faiba, kisha gari likaushwe hadi Juni. Juni. Rosângela anakuja Pasaka. "Tutakaa kwa mama yako kidogo," akasema. Kwa mama yangu tunalala wanne chumba kimoja, na yeye anajua.

Nilikuwa nimevaa pete nikahisi uzito wake, kama kitu nilichoazimwa.

Alhamisi, 18 Machi

Mvua. Nimechoka na mvua, nimechoka na rangi ya chungwa, nimechoka na mgongo wa mume wangu, ambao ndio upande ninaouona.

Ijumaa, 19 Machi

Nilishuka asubuhi akiwa kazini. Nilitaka kuyaona malengelenge yangu, kwa kuwa ndiyo niliyopewa. Nikasimama mbele kabisa ya pua ya gari na nikayaona vizuri. Yameteremka mstari mmoja kutoka kwenye kioo hadi puani. Mengine yamekata katikati, mlango hadi mlango. Pembeni, kwenye paa, moja hapa, moja pale. Kwenye milango karibu hakuna.

Ulikuwa msalaba. Nilikaa kwenye tairi.

Jioni nilipanda kwa Seu Tarcísio na sahani ya vitumbua. Nikauliza kama mtu anayeuliza bei ya nyanya. "Seu Tarcísio, tuseme maji yamedondokea kwenye rangi ya msingi, yakakauka kabla ya kupulizia. Kuna neno?"

"Maji gani?"

"Maji tu. Labda yenye chumvi."

Akaacha kutafuna. "Chumvi inabaki. Rangi inaifunika, nayo inakaa pale chini inanyonya unyevu, inanyonya, mpaka inavimba. Ila itavimba papo hapo ilipo, si kwingine. Kwani nani katia chumvi kwenye gari? Mmekosa samaki?"

"Nauliza tu."

"Bibi harusi," akasema, "hakuna mtu anayepanda mlima huu kwenye mvua kuja kuuliza tu."

Kwa hiyo gari ni zima. Rangi yote ni nzima isipokuwa ule msalaba. Neno moja kutoka kwangu na chumba chetu kinarudi. Na neno hilohilo litamweka Dona Zulmira mbele ya mwanawe kama mwizi. Nakumbuka kiganja chake kwenye faiba. Nakumbuka kiganja chake juu ya mkono wangu siku ya radi.

Sijui la kufanya. Naomba anayejua anieleze, ila nani? Ningemwambia Evandro.

Jumapili, 21 Machi

Baada ya misa Evandro alishuka na ndoo na msasa wa kukwangua. Nikiwa kwenye ngazi nikasikia: ule mkwaruzo. Hakuanza na boneti. Alianza na mlango wa kushoto, ule usio na kasoro, ule niliousugua kwa wiki mbili kwa mkono wangu.

Nilikwenda jikoni. Dona Zulmira alikuwa anakata sukumawiki, nyembamba kama nyuzi, kama anavyokata Jumapili.

"Ameanza mlango wa kushoto," nikasema.

"Mlango una nini?"

"Hauna kitu. Ila anaamini unyevu uko kote, kwa sababu ya shuka zangu."

Kisu kikapunguza mwendo. "Vile vivimbe viko wapi?"

"Kwenye boneti. Mstari mmoja umeshuka mpaka puani. Mwingine umekatisha."

Kisu kikasimama.

"Uliniona."

"Nilikuwa natafuta soksi."

"Na hukumwambia. Wiki nzima anakununia."

"Halikuwa langu la kusema, Dona Zulmira."

Akafuta mikono kwenye aproni, akatoka na ndala kwenye mvua, bila mwavuli. Nilimkimbilia na mwavuli.

"Evandro, weka huo msasa chini."

"Mama, tafadhali, si sasa."

"Weka chini! Si shuka za mkeo. Ni mimi. Nilikuja alfajiri ile nikatia maji ya Mama Mtakatifu, na ndani yake nilitia chumvi aliyoibariki padri, maana nilitaka yawe na nguvu. Kwenye boneti nilifanya msalaba. Nilimimina."

Evandro alibaki na mkono hewani. Unga wa chungwa ulikuwa unamtiririka kwenye kiwiko. "Mama. Gari ambalo hujawahi kuligusa."

"Ndilo hilo." Alikuwa amelowa nywele, anaonekana mdogo. "Unajua baba yako alikuwa anafanya nini Jumapili? Nilimwambia aliegeshe, akaliegesha, hakubisha hata siku moja. Lakini kila Jumapili alishuka hapa, akaingia ndani, akafunga mlango, akawasha redio. Miaka yote ile. Mimi niko juu nakata sukuma, nasikia muziki kupitia sakafuni. Sikushuka hata mara moja. Nilikuwa nasema viti viwili, viti viwili." Akafuta uso kwa aproni. "Vilikuwa viwili, Evandro. Kimoja kilikuwa wazi."

Mvua ilizidi nje.

Evandro alichukua sarafu mfukoni, akaigonga kwenye mlango aliokuwa anaukwangua. Tok, kavu. Kwenye paa. Tok. Akalizunguka gari zima akigonga, akafika kwenye boneti. Akagonga hapo pia, kando ya vivimbe. Tok. Uzima mtupu.

Kisha akaja akanishika uso kwa mikono yake yote miwili, michafu. "Shuka zako..." akaanza.

"Zetu," nikamwambia.

Seu Tarcísio, ambaye hakuna aliyemwona akifika, alikuwa mlangoni. "Basi ningeambiwa mapema," akasema, "ningemwomba padri abariki kompresa."

Dona Zulmira alicheka. Nimeishi naye tangu Novemba na sikuwahi kuisikia sauti hiyo. Ni sauti ya msichana.

Jumamosi, 27 Machi

Mlango wa kushoto umepakwa upya, mara hii bila baraka. Tumeshusha mwili kwenye chesisi, wanaume wanne na mimi, na nati zote zimekubali. Boneti Evandro hajaigusa. Alikuwa na siku nzima ya kuisugua, aliushika msasa, alisimama mbele yake, kisha akautumbukiza msasa kwenye ndoo.

"Unaiacha?" nikamuuliza. Mtu huyu alilala bila kula kwa sababu ya skrubu isiyo ya asili.

"Hii haisuguliwi," akasema.

Ijumaa Kuu

Chewa na viazi. Kimya. Injini imewaka mara ya tatu, ikatoa moshi, ikakohoa kama mzee, ikatulia. Dona Zulmira amesema Ijumaa Kuu si siku ya kuwasha injini. Kisha akauliza kama inasikika vizuri.

Jumamosi, 3 Aprili

Barabara nzima inapiga Yuda wa matambara, kama kila mkesha wa Pasaka. Seu Tarcísio amemvalisha ovaroli ya zamani ya Evandro. "Naye ajikune," amesema.

Nilipiga pasi gauni langu. Pindo lake bado lina alama ya mvua ya Novemba, haikutoka. Nililivaa nikashuka ngazi nimeshika pindo mkononi, na watu wakaacha kumpiga Yuda wakapiga makofi. Evandro alikuwa amelisukuma Puma hadi mlangoni, pua nje. Mawingu yalikuwa yamepasuka na jua kidogo likaangukia boneti, na msalaba wa vivimbe ukaonekana wote. Akanifungulia mlango wa kiti cha pili kama dereva wa tajiri. Nimekiota kiti kile msimu mzima. Nilikiota nikiwa nimesimama dukani, nikiwa na barakoa, nikiwa nimenuniwa.

Dona Zulmira alikuwa kwenye ngazi na ufagio wake, tayari kufagia.

Nilipanda nikamwondolea ufagio mkononi.

"Kiti hiki kina mwenyewe," nikamwambia.

"Acha ujinga, binti. Umevaa gauni."

"Gauni limezoea kungoja. Nenda, Dona Zulmira. Nenda kabla mvua haijatukumbuka."

Alimtazama Evandro. Evandro alinitazama mimi, na kwa mtazamo ule ningepiga msasa Puma jingine. Alimshika mama yake kiwiko, kwa sababu gari liko chini na magoti yake hayajui kuinama namna ile. Aliingia kwa vipande, mguu, kiuno, kichwa, akaweka mkoba mapajani, akakaa wima kama yuko kanisani. Halafu akanyoosha mkono akawasha redio.

Wakapanda mlima kuelekea banda la Seu Tarcísio. Nilisikiliza mpaka kona ya kwanza, ya pili, na bado nilisikia.

Nikageuka. Gereji ilikuwa tupu. Ni kubwa! Nilifagia nikiwa na gauni langu, vumbi jeupe, vumbi la chungwa, bawaba mbili, soksi moja. Katikati palibaki alama ya gari, zege jeupe, pakavu kabisa katika nyumba nzima. Nilifunga mlango. Nikaufungua. Nikaufunga tena. Kisha nikalala pale pakavu, na gauni na yote, kwa sababu nimechoka, nimechoka, nimechoka.

Pasaka

Mvua. Rosângela amefika, tumbo limemtangulia. Dona Zulmira ameshuka kutuletea kahawa, na amebisha mlango.